Kati ya Anayeishi na Anayeamua

Watu wakiulizwa ni mahali gani pabaya kuliko pote walipowahi kuishi binadamu, wengi huanza na hali ya hewa. Hutajwa Dallol, kaskazini mwa Ethiopia, katika bonde la Danakil lililo chini ya usawa wa bahari, ambako vipimo vya miaka ya 1960 vilipata wastani wa joto wa nyuzi 34.6 za Selsiasi kwa mwaka mzima, usiku na mchana vikijumlishwa. Hutajwa Oymyakon, Siberia, ambako mwaka 1933 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 67.7 chini ya sifuri. Hutajwa La Rinconada, mji wa wachimba dhahabu huko Peru ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 5,100, ambako kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni anayoipata mtu wa pwani. Orodha hiyo ina ukweli wake, lakini inapotosha, kwa sababu lawama yote inaangukia jua, baridi na mlima. Nikiyapitia makazi mabaya ambayo historia imeyaandika, naona jambo jingine likijirudia: wanaoishi pale hawaamui, na wanaoamua hawaishi pale. Kadiri umbali kati ya hawa wawili unavyokua, ndivyo mahali panavyozidi kuharibika, hata pawe na hewa nzuri na mvua ya kutosha.

Tuanze na joto lenyewe. Waafar wameishi Danakil na pembezoni mwake kwa karne nyingi. Nyumba zao ni za matawi yaliyopindwa na kufunikwa mikeka. Hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia, na kusimamishwa upya pale penye malisho na maji. Kwenye tambarare ya chumvi, Waafar na Watigray hukata chumvi hiyo ngumu kwa shoka, huichonga iwe mabamba yanayolingana, huyafunga kwa kamba na kuyapandisha nyanda za juu kuuzwa. Ni maisha magumu, na hakuna sababu ya kuyapamba. Ukame ukizidi, mifugo hufa na watoto huugua. Lakini anayeona kisima kinapungua ndiye huyo huyo anayeamua siku ya kuhama, na anayeunguzwa na jua ndiye aliyechagua upande wa kuelekeza mlango. Maarifa ya mahali yamekaa mikononi mwa wakaaji wake, na kosa likifanyika hurekebishwa na aliyeumizwa nalo. Ndiyo maana jangwa hilo, pamoja na ukali wake wote, limeweza kulea watu kizazi baada ya kizazi.

La Rinconada ni habari nyingine, ingawa nayo huhesabiwa kuwa imeharibiwa na mwinuko wake. Watu wa milima ya Andes wamefuga llama na alpaka kwenye nyanda zinazozidi mita 4,000 kwa maelfu ya miaka, na miili yao imezoea hewa nyepesi. Kilichoufanya mji huo uwe ulivyo ni mkataba wa kazi. Kwa utaratibu uitwao cachorreo, mchimbaji hufanya kazi wiki kadhaa, kwa desturi mwezi, bila mshahara. Kisha huruhusiwa siku moja au chache za kubeba mawe kwa faida yake. Mawe yakiwa na dhahabu, amelipwa. Yasipokuwa nayo, ametoa jasho bure. Dhahabu hukusanywa kwa zebaki, halafu zebaki huchomwa juu ya moto na mvuke wake huenea hewani na kuingia mapafuni. Makumi ya maelfu ya watu wamejazana pale bila mfumo wa maji taka, kwa kuwa kila mmoja huambiwa, na mwenyewe hujiambia, kwamba amepita tu. Dhahabu hushuka mlimani na kuvuka mipaka. Takataka hubaki. Wanaopanga utaratibu huo na wanaofaidika nao hawana haja ya kulala huko hata usiku mmoja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka London, kwa sababu huko umbali ninaousema uliwahi kufutika kwa majira moja ya joto. Kipindupindu kiliingia katika mji huo mwaka 1832. Kilirudi 1849 na kuua watu zaidi ya 14,000, kisha kikarudi tena 1854, mwaka ambao daktari John Snow alihesabu vifo vya mtaa wa Soho nyumba kwa nyumba na kuonyesha kwamba vilizunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Ripoti ziliandikwa, zikasomwa, zikawekwa kabatini. Kisha kikaja kiangazi cha 1858. Mto Thames, uliokuwa umegeuzwa mtaro wa kinyesi cha mji mzima, ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge, ambalo jengo lake limekaa ukingoni mwa mto huo, yalilowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kukaa vitini. Katika muda wa wiki chache sheria ilipita, fedha zikapatikana, na mhandisi Joseph Bazalgette akaruhusiwa kujenga mifereji mikubwa ya maji taka ambayo sehemu yake inatumika hadi leo. Uhandisi haukugunduliwa mwaka huo, wala hazina ya Uingereza haikujaa ghafla. Kilichobadilika ni nani aliyenusa.

Hata hivyo mifereji ile haikufika kila mahali kwa wakati mmoja. Kipindupindu kilipoizuru London kwa mara ya mwisho mwaka 1866, kiliua zaidi ya watu 5,000 upande wa mashariki, mahali ambapo kazi ya Bazalgette ilikuwa haijakamilika na ambapo kampuni ya maji ilikuwa imewapelekea wateja wake maji yasiyochujwa. Mashariki ndiko walikokaa vibarua wa bandari, washonaji na mafundi wa viatu. Huko huko, katika eneo la Bethnal Green, ulikuwepo mtaa wa Old Nichol, ambao mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa na kiwango cha vifo karibu maradufu ya maeneo yaliyouzunguka. Familia nzima ilikaa chumba kimoja, kuta zikitoka unyevu, sakafu zikiwa zimeoza. Ukipima kodi kwa ukubwa wa chumba, maskini hao walilipa ghali kuliko wapangaji wa mitaa ya matajiri. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwemo watu wa vyeo na wajumbe wa baraza la mtaa, baraza lile lile lililokuwa na wajibu wa kisheria wa kukagua afya ya majengo. Mtu aliyepaswa kuamuru ukuta utengenezwe ndiye ambaye angelipia matengenezo hayo, na yeye alilala kwingine. Hapo ndipo ubaya ulipotoka. Udongo wa Old Nichol haukuwa na kasoro yoyote.

Nairobi inaeleza jambo hilo hilo kwa lugha ya ukoloni. Mji huo ulizaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, penye hewa ya ubaridi ambayo wageni wameisifu tangu mwanzo. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini akiwa kibarua, na haikumtaka akiwa mkaaji. Kuanzia mwaka 1920 alivaa kipande shingoni, akapewa kitanda badala ya nyumba, na mkewe na watoto wakahesabiwa kuwa watu wa kijijini. Kwa muda mrefu nyumba za familia zilijengwa chache sana kwa sababu familia hiyo haikutakiwa kuwepo. Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa kukaa kwenye msitu wa Kibera, na mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, lakini hatimiliki hawakupewa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, waliokaa pale waliendelea kuhesabiwa wavamizi wa ardhi ya serikali. Jumuiya ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288 mwaka 2017, karibu miaka 100 baada ya tangazo lile. Kwa karne nzima mwenye ardhi alikuwa serikali, anayejenga hakuwa na haki ya kujenga, na anayeishi hakuwa na wa kumshtaki.

Tazama kinachofuata pale ambapo hakuna wa kushtakiwa. Banda la Kibera ni chumba kimoja cha kuta za udongo na paa la mabati, chenye upana wa futi zipatazo 12 na urefu kama huo. Wengi wa wanaokaa humo ni wapangaji, na wengi wa wenye mabanda huishi nje ya mtaa, wakituma mtu kukusanya kodi mwisho wa mwezi. Choo cha shimo hutumiwa na kaya nyingi, na usiku, mwanamke anayeogopa kutoka hutumia mfuko wa plastiki. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, lita 1,000 zimefika shilingi 250, na bomba likikauka bei hupanda siku hiyo hiyo. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakaaji wa mitaa ya mabanda ya Nairobi hulipia lita ya maji mara 5 hadi 10 ya bei inayolipwa na wakaaji wa mitaa ya kitajiri ya mji huo huo. Katikati ya muuza maji na mnunuzi wamekaa watu wenye masilahi ya kuona bomba la umma halifiki, au likifika linakatwa. Hata idadi ya watu haikujulikana: magazeti ya dunia yalizoea kuandika kwamba Kibera ina watu milioni moja, na sensa ya mwaka 2009 ikahesabu takriban 170,000. Hadi mwaka huo, ramani rasmi zilipaonyesha kama msitu, mpaka vijana wa mtaa wenyewe walipoingia vichochoroni na vifaa vya kupimia na kuchora ramani yao. Mahali pasipo kwenye ramani hapapangiwi mfereji.

Dar es Salaam inanipa kipimo cha kulinganisha, kwa kuwa nayo zaidi ya nusu ya wakaaji wake wako kwenye makazi yasiyopimwa. Tandale, Manzese na Vingunguti zina mafuriko yake, vyoo vinavyofurika masika, na kipindupindu kilichozuka jijini Agosti 2015 kilipita humo. Hakuna wa kuyaita makazi mazuri. Lakini kuna tofauti ambayo wachunguzi wa miji wameiona kwa muda mrefu: mara nyingi mwenye nyumba wa Dar es Salaam amekaa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Ana chumba chake mbele, wapangaji wake wako ukumbini, wote huchota maji kwenye bomba moja na hupanga foleni kwenye choo kimoja uani. Choo kikijaa, kimejaa na kwake. Kwa hiyo nyumba hujengwa kwa tofali za saruji kidogo kidogo, miaka inavyokwenda, na chumba kimoja kikiongezwa kwa akiba ya mwaka. Serikali nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliacha sera ya kubomoa na kuchukua ya kuboresha. Viwanja vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, barabara na maji vikaingizwa Manzese, na baadaye leseni za makazi zikatolewa kwa maelfu ya wenye nyumba. Sinza ya leo ni mtaa ambao watu hutafuta nyumba kwa hamu. Umaskini wa Tanzania haukuwa mdogo kuliko wa Kenya. Umbali kati ya mwenye nyumba na mpangaji ndio uliokuwa mfupi.

Atatokea mtu wa kunipinga kwa mfano wa ngome ya Kowloon. Ngome hiyo ndani ya Hong Kong ilikuwa na eneo la hekta 2.6 tu, na hesabu ya serikali ya mwaka 1987 ilikuta humo watu wapatao 33,000. Mkataba wa mwaka 1898 ulioipa Uingereza eneo jirani uliiacha ngome hiyo nje, na baada ya hapo China haikuweza kuitawala na Uingereza haikutaka. Majengo yakasimama bila mchoro wa mhandisi, yakigusana ubavu kwa ubavu, hadi ghorofa 14 hivi, urefu wake ukizuiwa tu na hofu ya ndege zilizoshuka kiwanja cha Kai Tak. Chini kabisa, mchana ulikuwa giza, na mabomba yalidondosha maji juu ya vichwa vya wapitao. Mpinzani wangu atasema: pale hapakuwa na mtawala wa mbali, wakaaji waliamua kila kitu, na bado palikuwa pabaya. Jibu langu ni kwamba serikali mbili ziliamua kwa miaka 90 kutoamua, na uamuzi huo ulifanywa na watu waliokaa nje ya ukuta. Yale yaliyokuwa mikononi mwa wakaaji yalifanya kazi kwa namna ya kushangaza. Walichimba visima na kusukuma maji hadi matangi ya juu ya paa, walianzisha chama cha wakaaji kilichosimamia mauzo ya vyumba, na madaktari wa meno ambao vyeti vyao vya China havikutambuliwa na Hong Kong walitibu watu wa kipato cha chini kwa bei nafuu. Kilichowashinda ni yale ambayo jamii ndogo haiwezi kuyafanya peke yake: mfereji mkuu, zimamoto, sheria ya majengo, mahakama. Ngome ilibomolewa mwaka 1993 na 1994 kwa uamuzi ambao nao ulitoka nje.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba hakuna aliyewalazimisha watu kwenda Kibera au La Rinconada. Wamekwenda kwa miguu yao kwa sababu kijijini hali ni mbaya zaidi, na kwa hiyo makazi hayo ni ngazi ya kupandia. Sehemu moja ya hoja hii naikubali bila kusita. Mtu anayehamia mjini anajua anachokifanya, na mara nyingi hesabu yake ni sahihi: kazi ipo, shule ipo, mtoto mgonjwa anafikishwa hospitali. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini mtu ameuchagua mji, haielezi kwa nini mji umempa kinyesi mlangoni. Aliyechagua kazi hakuchagua kulipia maji mara 5 ya jirani yake. Kibarua wa London aliyehama kijiji chake cha Essex naye alichagua, na mtoto wake alipokufa kwa maji machafu ya mwaka 1866, hakuna anayesema leo kwamba kifo hicho kilikuwa chaguo. Hiari ya kuhama haimwondolei mwenye mamlaka wajibu wake hata kidogo.

Pingamizi la tatu ni la fedha: nchi maskini haiwezi kuweka mabomba kila mahali. Linasikika kama la busara, na wakati mwingine lina ukweli, lakini linaanguka mara tunapotazama Orangi, mtaa mkubwa usiopimwa wa Karachi. Mwaka 1980 mtaalamu wa maendeleo Akhtar Hameed Khan alianza kufanya kazi na wakaaji wa huko kichochoro kwa kichochoro. Kila kichochoro kilichagua msimamizi wake, kilichangisha fedha zake na kulaza mabomba yake ya maji taka kwa msaada wa mafundi waliochora na kupima. Kwa miaka michache makumi ya maelfu ya nyumba zilikuwa zimeunganishwa, kwa gharama ndogo sana kuliko ile iliyokadiriwa na wakandarasi wa serikali, kwa sababu aliyelipa alikuwa pale akimwangalia anayechanganya zege. Fedha za maji Kibera zipo tayari, zinalipwa kila asubuhi kwa sarafu. Zinaishia mikononi mwa watu wasiowajibika kuweka bomba.

Wengine, kwa nia njema, huona dawa ni kubomoa. Historia ya dawa hiyo haifurahishi. Old Nichol ilibomolewa, na mwaka 1900 yakazinduliwa mahali pake majengo mazuri ya matofali mekundu. Katika watu 5,719 walioondolewa, 11 tu ndio waliopata makazi mapya hapo. Waliobaki walisukumwa mitaa ya jirani na kuifanya ijae zaidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa Mabwepande, mbali na katikati ya Dar es Salaam, na baadhi zilirudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Mathare, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, nyumba za kando ya mto zilibomolewa watu wakiwa bado wanaomboleza. Kila mara anayeamua huwa na haraka, na anayeishi huwa na mzigo kichwani. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sera ya makazi isiyomsikiliza anayeijua adhabu hiyo huishia kuihamisha tu.

Nafahamu pia kwamba wapo wakaaji wa mitaa hii wanaochukizwa kusikia makazi yao yakiitwa mabaya, na wana haki. Kibera ina shule zilizoanzishwa na walimu wa hapo hapo, vikundi vya akiba, mafundi, waimbaji na misikiti yenye historia ndefu. Hoja yangu inawaunga mkono. Watu walioweza kujenga hayo yote bila hatimiliki, bila bomba na bila ramani wamethibitisha kwamba uwezo wa kuamua wanao. Aibu ya mtaa iwaangukie walionyima, na heshima yake ibaki kwa waliojenga.

Basi tunaposikia mpango mwingine wa kuboresha makazi ukitangazwa, tusiishie kuuliza umegharimu kiasi gani. Tudai majina ya wenye mabanda na wenye visima yaandikwe mahali pa wazi, kama yanavyoandikwa majina ya wenye mashamba. Tudai vikao vya kupanga mfereji vifanyike mtaani kwenyewe, wakati wa mvua, wapangaji wakiwa na kura sawa na wenye nyumba. Tudai kwamba mhandisi, diwani na mkandarasi wawajibike kwa wanaokaa pale kabla ya kuwajibika kwa wafadhili. Haya yanawezekana, kwa kuwa Manzese iliboreshwa badala ya kubomolewa na wakaaji wa Orangi walijisimamia wenyewe, katika nchi zisizo tajiri. Pale yasipofanyika, tuache kusingizia umaskini na hali ya hewa, na tuwataje wazi wanaofaidika.